Nani Aliyeing'ata Lusanje Chungu

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana kisa hiki kikianza hakisimamishwi. Mbegu za lusanje mnazo mikononi, aina zote mbili. Itazameni. Lusanje tamu ni nyeusi na laini, pembe zake tatu zimechongoka vizuri. Lusanje chungu imekunjamana, ina mifereji kila upande, na pembe zake zimemegekamegeka kana kwamba kuna mtu aliyeitafuna kisha akaghairi. Kila mwaka mnauliza kwa nini. Basi ni hivyo hivyo mnavyoona: kuna mtu aliyeitafuna, na hakughairi kwa upole.

Enzi hizo milima ya Lihove ilikuwa hii hii, yenye ukungu asubuhi na upepo mchana. Mtama ukipandwa huku juu ulidumaa, na ulezi ulioza kabla ya kukomaa. Kilichokubali kilikuwa lusanje peke yake, yenye jani la umbo la moyo na shina jekundu, inayoota upesi na kukomaa upesi kabla mvua za baridi hazijarudi. Watu waliisaga wakapika uji, wakasonga ugali, wakashukuru.

Ila lusanje ya wakati huo ilikuwa na ukorofi mmoja. Aina zilikuwa mbili kama leo, tamu na chungu, lakini kwa macho zilikuwa kitu kimoja. Jani lilelile, shina lilelile, ua lilelile jeupe, mbegu ileile laini ya pembe tatu. Tofauti uliijua ukiwa umeshalima, umeshavuna, umeshapura, umeshasaga na umeshapika, chakula kikiwa mdomoni. Hapo ndipo ulipojua kama leo mnakula au mnakunja nyuso.

Watu wa Lihove wangeweza kuitatua shida hiyo mapema, kama si Siku ya Kapu. Mababu zao waliwahi kugombana vibaya juu ya mipaka ya mashamba, na walipopatana walikubaliana jambo moja: kila baada ya mavuno, kila nyumba italeta mbegu yake yote ya kupanda na kuimwaga katika kapu moja kubwa. Mzee wa mlima ataingiza mkono mpaka begani, atavuruga, kisha kila nyumba itachotewa fungu lake. Hakuna wa kusema mbegu yangu na mbegu yako. Ilikuwa desturi nzuri ya amani, na ilikuwa desturi ya ajabu ya kilimo, kwa sababu hata kama mtu angebahatika kupata shamba la lusanje tamu tupu, siku hiyo kapu lilimrudisha palepale alipoanzia.

Sasa, alikuwapo mwanamke mmoja aliyeitwa Sekalinga. Alikuwa mjane, shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwa juu, likipakana na majabali. Hakuwa mwanamke mbaya, lakini subira alinyimwa. Binti yake alifariki akamwachia mtoto mdogo wa kike, Luhuvilo, aliyekuwa ndio kwanza ameachishwa ziwa. Na Luhuvilo alikuwa na tabia moja iliyomtoa bibi yake jasho. Chakula kikiwa kitamu, alikula. Kikiwa kichungu, hata kidogo, aliuma meno, akafunga midomo, akageuza uso ukutani. Hakulia, hakupiga kelele. Alifunga tu.

"Mke mwenzangu," Sekalinga alimbembeleza, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "fungua kidogo. Hata babu yako marehemu alikuwa mkaidi, lakini alikula."

Mtoto alimtazama kwa macho makavu.

Sekalinga alijaribu asali, mtoto akalamba asali na kuuacha uji. Alijaribu kumbana pua, akang'atwa kidole. Aliimba, alifoka, aliomba, alinuna. Kwa kuwa kapu lilichanganya kila kitu, chungu kimoja cha uji kilitoka kitamu na viwili vikatoka vichungu, na Luhuvilo akawa anashinda na njaa siku nyingi kuliko alizoshiba. Ushanga aliovishwa mkononi ulianza kuteleza mpaka kwenye kiwiko. Sekalinga aliuona ukiteleza, na usingizi ukampotea. Alikwisha kuzika mtoto mmoja. Hakuwa tayari kuzika na huyu, tena kwa sababu ya uji.

Akaenda kuuliza watu. Afadhali asingeuliza, maana Lihove nzima ilikuwa na wataalamu.

Jirani yake Sembilinyi alimwambia jambo hilo ni rahisi mno: unasugua jani kwenye kiwiko, ukiwashwa, hiyo ni chungu. Sekalinga alisugua viwiko mpaka vikachubuka, akawashwa na yote. Mwingine alimwambia lusanje chungu huinama kuelekea machweo. Alikwenda kutazama, akakuta lusanje zote zimeinamia kule upepo unakokwenda. Mwingine alimwapia kwamba mbegu tamu huzama majini na chungu huelea. Zilizama zote. Na alipowarudia kuwaeleza, hakuna hata mmoja aliyeona haya.

"Hukusugua vizuri," alisema Sembilinyi.

"Nimesugua mpaka damu!"

"Ndiyo maana. Unasugua polepole."

Mwishowe akashuka kwa Mzee Lyandala, ambaye ndiye aliyekuwa mzee wa mlima na mwenye mkono wa kuvuruga kapu. Alimsalimu kwa heshima, akakaa chini, akamweleza habari za mtoto. Akaomba jambo moja tu: mwaka huu aruhusiwe kubaki na mbegu yake, aichague mwenyewe. Lyandala alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole mkubwa, kisha akamjibu kwamba mtoto atazoea.

"Mzee wangu, hazoei. Anaisha."

"Sote tulizoea, mwanangu. Na kapu ni kapu."

Sekalinga alipanda njia nzima ya kurudi akizungumza peke yake, na mawe aliyokutana nayo njiani aliyapiga teke.

Lusanje ilipokomaa, alikata kauli. Hakuna kiwiko wala maji kinachojua uchungu, alijiambia, isipokuwa ulimi. Akachukua kapu lake dogo, akaingia shambani kwa kuanzia chini, na kila shina alilifikia, akachuma mbegu moja, akaionja kwa ncha ya meno. Shina likiwa tamu, alilikata kwa utaratibu akalilaza kapuni. Shina likiwa chungu, jamani, hapo ndipo mlipotakiwa kuwapo. Alilinyofoa kichala kizima, akakitia mdomoni chote, akaking'ata kwa meno yote aliyokuwa nayo huku akikitukana, kisha akakigeukia majabali ya juu na kukitema huko kwa nguvu.

"Hiki cha kiwiko!" Akang'ata, akatema. "Hiki cha machweo!" Akang'ata, akatema. "Na hiki cha atazoea!"

Alisonga hivyo shina baada ya shina. Ulimi ulipokufa ganzi alikaa, akasukutua kwa maji ya kijito, akasubiri urudi, akaendelea. Waliopita njiani walimwona bibi mzima anauma mimea na kuitemea miamba, wakapeana ishara za kichwa. Sembilinyi alimwita kwa mbali amuulize kama anaumwa. Sekalinga alikuwa na kichala mdomoni, hakuweza kujibu, na ilikuwa bora kwa Sembilinyi.

Alipofika juu kabisa, nyuma yake kapu lilikuwa limejaa lusanje tamu tupu, na mbele yake, katikati ya majabali, zilitapakaa mbegu zilizong'atwa, zenye mifereji ya meno, zimemegeka pembe. Hakuzitazama mara mbili. Alikwenda nyumbani, akapika, na Luhuvilo akala mpaka akalala na kijiko mkononi.

Siku ya Kapu ikafika. Nyumba zote zilimwaga mbegu zao, na zamu ya Sekalinga ilipofika alisimama na kapu lake amelikumbatia kifuani, kifuniko kikiwa kimefungwa kwa kamba.

"Mwaga, mwanangu," alisema Lyandala.

"Simwagi."

Watu wakaguna. Lyandala akamkumbusha, tena mbele za watu, kwamba asiyemwaga amejitoa: hatapewa moto ukimzimikia, hatalimiwa akiugua, hatabebwa akifa. Sekalinga alikuwa ameyajua hayo yote tangu utotoni. Alisema, kwa sauti ambayo hata majabali yaliisikia, kwamba amelionja shamba zima kwa ulimi wake, shina kwa shina, na hawezi kuimwaga kazi hiyo humo ili mtu aje aivuruge kwa mkono mpaka begani. Kama amani yao haiwezi kuishi bila mjukuu wake kufa njaa, basi waibebe wenyewe. Akamchukua mtoto akaondoka.

Wakamtenga kweli. Moto ulipomzimikia alipekecha vijiti mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alilima peke yake, akapanda lusanje tamu, akavuna lusanje tamu. Usiku alimlilia binti yake na mchana alimlisha mtoto. Na Luhuvilo akajaa mashavu. Ushanga ulirudi kwenye kifundo cha mkono, ukakaa, halafu ukambana, ikabidi uongezwe uzi.

Mashavu hayo watu waliyaona. Wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu kwa njia ya uani. Sembilinyi alikuja kuazima ungo, na alipopewa ungo akauliza kama hauwezi kuwa na mbegu kidogo juu yake. Mwingine alikuja kumpa pole ya kuuguza viganja, ambavyo vilikuwa vimeshapona zamani. Sekalinga alifoka, na akiwa anafoka akawapimia. Hakuwa na moyo wa kumnyima mtu mwenye watoto. Hata kutoka kwa Lyandala alikuja mjumbe, akasema ametumwa na mtu ambaye hakutaka kutajwa. Msimu uliofuata Lihove nzima ilipanda mbegu ya Sekalinga, kutoka mtoni mpaka chini ya majabali, na lusanje chungu haikupandwa tena na mtu yeyote. Na hivi ndivyo watu walivyo: kila mmoja alieleza jinsi alivyokuwa akijua siku zote namna ya kuzitofautisha. Sembilinyi alikuwa bado anasema kiwiko.

Nyuki walifurahi kuliko watu. Mlima ulikuwa mweupe kwa maua.

Ndipo jalidi iliposhuka. Kabla ya hapo umande ulioganda ulikaa kileleni tu, watu waliutazama kwa mbali. Mwaka ule uliteremka, na asubuhi moja watu waliamka wakakuta mashamba yanameta. Watoto walitoka kuuchezea. Jua lilipopanda, jalidi ikayeyuka, na lusanje yote ikawa nyeusi, imelala chini, laini kama mboga iliyochemshwa. Mashambani kote hapakuwa na shina moja lililosimama.

Mnadhani walikaa wakafikiri? Walikwenda kwa Sekalinga.

"Wewe ndiye uliyetuondolea lusanje chungu," walimwambia. "Ile haikuwahi kufa yote. Kila mwaka wa baridi ilibaki iliyobaki."

Sekalinga aliwatazama. Palikuwa na watu pale aliowapimia mbegu kwa mikono yake. Alitaka kuwaambia kuhusu ungo, kuhusu pole za viganja, kuhusu mjumbe asiye na bwana. Lakini hasira ilikuwa nyingi mno kwa mdomo mmoja, tena walisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Akawapa mgongo, akapanda juu kupitia shamba lake lililooza, apate mahali pa kukaa asipoona sura ya mtu.

Akafika majabalini. Na katikati ya majabali, penye udongo usiozidi kiganja, palipokuwa baridi kuliko kote, lusanje ilikuwa imesimama. Ilikuwa nyingi, imejaa kila ufa. Jalidi ilikuwa imeipitia na haikuifanya kitu. Huko juu hakuna nyuki wa kuhimili upepo, kwa hiyo haikuwa na haja ya kujipamba. Ua lake lilikuwa limekuwa dogo, la kijani, hulioni mpaka uiname. Alichuma mbegu akaitia kiganjani. Ilikuwa na mifereji, imemegeka pembe. Aliigeuza, akaiweka kwenye meno yake ya mbele, na mfereji ukakaa sawasawa katikati ya meno.

Alikaa chini akacheka, kisha akalia, kisha akawaita.

Walivuna siku nzima, wote, wakitambaa kwenye miamba. Hakuna aliyeuliza mbegu ni ya nani. Walisaga, wakapika, wakakunja nyuso, wakala. Watoto wengine walilia, wakala. Luhuvilo aliuma meno, akafunga midomo, akageuza uso ukutani.

Siku ya kwanza Sekalinga alibembeleza. Siku iliyofuata aliomba. Iliyofuata mtoto hakuwa na nguvu ya kugeuza uso, lakini meno aliyauma vilevile, na ushanga ukaanza tena kuteleza. Lusanje tamu haikuwapo hata punje. Sembilinyi alikuja kusema kwamba ukimsugua mtoto kiwiko atafumbua mdomo, na Sekalinga akamtoa nje kwa ufagio.

Aliporudi ndani, maji ya uji yalikuwa yanatokota, na lusanje ilikuwa bado kwenye kapu, haijasagwa. Aliitazama ile mbegu aliyoing'ata, aliyoitukana, aliyoitema, na ambayo sasa ilikuwa inamtesa tena. Hakuwa na hatua ya kuchukua. Akalinyanyua kapu akaimwaga nzima nzima, na maganda yake, katika maji yanayochemka, akasema, "Ungua basi! Ungua na wewe uone!" Akatoka nje akakaa juu ya kinu.

Hasira ilipopoa, akakumbuka kwamba hicho ndicho chakula pekee alichonacho. Akarudi mbio. Aliiepua, akaimwaga maji, akaianika juu ya jiko, na ilipokauka akaisaga kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kusaga. Akapika. Akaonja kabla ya kumpelekea mtoto, kwa mazoea tu, hali amekwisha kuukunja uso tayari. Uso ukakosa sababu. Uchungu ulikuwapo, lakini ulikuwa umelegea, umebaki mdogo kwa nyuma, kama wa mboga ya majani. Maji ya moto yalikuwa yameukuta bado umelala ndani ya mbegu, yakaumaliza kabla unga haujauamsha.

Alimpakata Luhuvilo, akamgusisha kijiko mdomoni. Safari hii hakuimba wala hakufoka. Mtoto alionja kwa ncha ya ulimi, akafikiri kwa muda mrefu sana. Alikuwa na uso wa mtu mzima anayekagua kazi ya mwenzake.

"Chungu," alisema.

Bibi akakishusha kijiko.

"Kidogo," alisema Luhuvilo, akafumbua mdomo.

Na tangu siku hiyo lusanje chungu ina alama za meno, ukiishika hata gizani unaijua, na hupandwa juu karibu na majabali. Lusanje tamu ni laini, hupandwa chini kwa nyuki. Tangu siku hiyo lusanje chungu huchemshwa nzima kabla ya kusagwa, na anayechemsha huiambia iungue. Na Siku ya Kapu ipo bado, ila hakuna tena anayemwaga mbegu. Kila nyumba huleta unga wake, unamwagwa katika chungu kimoja kikubwa, mzee wa mlima anaukoroga kwa mwiko, na watu wanakula pamoja. Lyandala mwenyewe ndiye aliyekoroga mara ya kwanza, na fungu la kwanza alimpelekea Sekalinga kwa mikono yake, mbele za watu, kupitia mlango wa mbele.

Jalidi nayo, tangu iijue njia, haijaacha kuja. Huja mwaka mmoja, hukosa mwingine, na kila inapokuja hukuta mlima una chakula. Luhuvilo alikua, akaolewa, akazaa wana wenye vichwa vigumu kama chake, na hao wakazaa wengine. Jitazameni mlivyokaa hapa, hakuna anayetaka kusogea ili mwenziwe apate nafasi. Wote ninyi mmetoka kwa yule mtoto aliyefumbua mdomo.